Kiwango cha Meza

Jua lilikuwa linazama upande wa Sake wakati Kamate aliposhika bidoni zake mbili za njano na kuteremka ziwani kuchota maji. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu waasi waingie Goma. Umeme hakuna. Mabomba makavu. Watu wote wa mtaa wa Keshero, wenye nyumba za ghorofa na wenye nyumba za mbao, walikuwa wamegeuka ndugu wa bidoni.

Kamate alikuwa fundi wa kuandika misalaba. Zamani aliandika vibao vya maduka na bendera za kwaya, lakini vita huleta kazi zake, na kufa kufaana. Maseremala walimletea misalaba ya mbao, naye akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Katika wiki zile tatu misalaba mingi ilikuja bila jina. Aliambiwa aandike "Inconnu", yaani asiyejulikana, kisha namba. Kila alipofika kwenye neno hilo alisimamisha brashi kwanza na kufanya ishara ya msalaba.

Kwa sababu Benny hakuwa amerudi.

Benny alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka kumi na tisa. Jumatatu ile risasi zilipoingia mjini alitoka kutafuta unga, akasema, "Mama, nakuya sasa hivi." Kamate na mkewe Kasoki walimtafuta hospitalini. Walimtafuta kwenye vyumba vya maiti, wakafunua mashuka mpaka pua zao zikazoea. Hawakumwona. Mungu amsamehe mzazi anayesema hivi, lakini hata maiti ingekuwa afadhali. Maiti unaizika, unailia, unarudi nyumbani.

Ziwa lilikuwa limetulia mno jioni ile. Hakuna mtoto aliyeoga, hakuna mwanamke aliyefua. Kamate akajaza bidoni ya kwanza. Akainama kujaza ya pili.

Taka... taka... taka...

Sauti ya vitu vidogo vikigongana ndani ya sanduku.

"Papa Benny."

Akageuka. Mwanamke alikuwa amesimama juu ya mawe meusi. Amevaa kitenge kilichopigwa pasi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe katika vumbi la volkano, bila doa hata moja. Mikononi alishika sanduku la plastiki lenye kifuniko. Palikuwa na harufu, na Kamate alihangaika kuipatia jina. Ilikuwa harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji.

"Mungu akubariki, mama. Tunajuana?"

"Mimi nakujua. Nasoma kazi yako kila siku, kule makaburini. Herufi ziko sawa. Mukono yako haitetemeki."

"Ni Mungu, mama."

"Ni Mungu," akasema yule mwanamke, akacheka kidogo. "Niko na kazi. Ni ndogo kuliko misalaba."

Akafunua sanduku. Ndani walilala askari kumi na mmoja wa plastiki ya kijivu, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Kumi walivaa deraya nzito na kofia za chuma zilizofunika uso wote, silaha zao nene kama mabomba ya maji. Wa kumi na mmoja alikuwa amevaa deraya ileile, ila kichwa chake kilikuwa wazi.

Kamate aliwajua askari wa namna hiyo. Alikuwa amewapaka rangi mwaka mzima.

Palikuwa na kijana mmoja Mbelgiji, Julien, aliyefanya kazi katika shirika moja la misaada na kukaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Kila Jumamosi alikusanya vijana wa mtaa, akatandika meza, akawafundisha mchezo wa vita vya mbeleni, vita vya watu wenye deraya wanaopigana kati ya nyota. Benny aliupenda mchezo ule kuliko mpira. Lakini zaidi aliupenda ufundi wa kuwapaka rangi askari, na alipoona mkono wake haufiki, alimleta baba yake.

Julien aliwafundisha kwamba kuna viwango viwili vya kazi. Kuna kazi ya kabati, inayowekwa nyuma ya kioo, ambayo mtu anaweza kumaliza mwezi mzima juu ya askari mmoja. Halafu kuna kiwango cha meza. Rangi tatu. Maji ya rangi nyeusi yanayoingia kwenye mifereji na kuleta kivuli. Mchanga kidogo kwenye kibao cha miguu. Basi. Nyosha mkono, mtazame: akionekana mzima kwa urefu wa mkono, ni mzima. Usipake nyayo. Usipake panapofichwa na silaha. Usihangaike na mboni ya jicho.

Kamate hakuweza. Benny alimcheka.

"Papa, acha! Iko niveau ya meza, imetosha."

"Mutu bila macho?"

"Nani atamuona macho? Iko kama kidole!"

"Mungu atamuona," alijibu Kamate, na mtoto akicheka hivyo hivyo, baba alichukua brashi ya nywele tatu na kumtia askari mboni.

Sasa yule mwanamke wa viatu vyeupe alisema, "Kiwango cha meza kinatosha. Hawa hawaendi kwenye kabati. Wanaenda kazini. Ila huyu asiye na kofia, umupake sura ya mutoto yako."

Bidoni ilimponyoka Kamate, ikaelea.

"Mama, unajua Benny iko wapi?"

"Wewe unamutaka nyumbani ao haumutaki?"

"Namutaka."

"Basi paka. Wale kumi, uwawekee mchanga wowote kwenye miguu. Huyu, umuwekee mchanga wa Buhene. Pale kitovu chake kilizikwa."

Benny alizaliwa Buhene, ndiyo. Kitovu chake kilipoanguka, Kasoki alikizika mwenyewe karibu na mlango wa jikoni, kama mama yake alivyomfundisha kule Butembo, ili mtoto hata akienda mbali ajue pa kurudi. Hawakumwambia mtu. Halafu usiku ule mlima wa volkano ulipolipuka, mwaka elfu mbili ishirini na moja, moto uliteremka na kufunika nyumba, jiko, mlango na kitovu. Walikimbia na Biblia moja na sufuria moja.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni wa Bunagana. Ninapitisha vitu kwa mupaka." Akaweka sanduku juu ya jiwe. "Nitachukua Ijumaa. Jumamosi atakuya."

"Mimi ni Mukristo. Nasali."

"Sali," akasema kwa upole. "Sali sana. Inasaidia mukono usitetemeke."

Akaondoka juu ya mawe yale makali kama mtu anayetembea kwenye zulia. Kamate hakusikia hatua hata moja.

Nyumbani alimwambia Kasoki yote. Alitegemea mkewe apige kelele, achukue maji ya baraka, alitupe sanduku nje. Kasoki alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Paka," akasema.

"Mama Benny, hii kitu haitoki kwa Mungu."

"Mungu nilimuomba wiki tatu. Paka."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Asubuhi Kamate alitembea mpaka Buhene na nyundo. Juu ya lava iliyofunika nyumba yake majani yalikuwa yameanza kuota. Alikadiria mahali pa jiko, akapiga magoti, akasali fumbo moja la rozari, kisha akapiga nyundo na kukusanya unga mweusi ndani ya kifuniko cha chupa. Unga ule ulikuwa na joto. Alijiambia ni jua.

Lakini asubuhi ile hapakuwa na jua.

Siku ya tatu akaja jirani yake Aruna. Aruna alikuwa dereva wa lori, Mwislamu, babu yake mtu wa Maniema, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliwakuta askari wamepangwa juu ya ubao, deraya zimekwisha kupakwa kijani.

"Ala! Papa Benny, ata wewe unatengeneza basoda? Mugini imejaa basoda mpaka kwenye choo, wewe unaongeza!"

"Ni kazi ya mutu."

"Hawa wanakula nini? Angalau hawa hawatachukua mbuzi yangu." Alicheka, akainama, akamwona yule asiye na kofia. Kicheko kikakatika. Karibu na askari ilisimama picha ya Benny ya kadi ya shule. "Mwenzangu... hii hapana. Kwetu tunakatazwa. Anayetia sura, kesho ataambiwa atie na roho."

"Aruna, wewe haujapoteza mutoto."

Aruna akamshika bega, akaenda zake. Jumatatu, alisema mlangoni, angejaribu kupeleka lori Bunagana, kama barabara ingemruhusu.

Ijumaa jua likiwa bado juu ya milima, wale kumi walikuwa tayari. Wa kumi na mmoja alikuwa na rangi zake tatu: ngozi, nywele, na nyekundu kwenye deraya, kwa sababu siku ile Benny alitoka na sweta nyekundu. Kivuli kilikuwa kimeingia machoni. Mchanga wa Buhene ulikuwa miguuni. Nyuma ya shingo hakuwa amepaka, wala viganja, wala nyayo. Na macho yalikuwa giza tu. Kamate akachukua brashi ya nywele tatu, akailowesha, akaielekeza kwenye jicho.

"Imetosha."

Yule mwanamke alikuwa ndani ya nyumba. Mlango haukulia. Kasoki alikuwa amesimama kando yake, ametazama chini.

"Bado macho, mama."

"Nimesema kiwango cha meza." Akamchukua yule askari, akanyosha mkono, akamtazama kwa mbali, akafunga jicho moja. "Muzima kabisa. Sikiliza, Papa Benny. Akikuya, usiongeze kitu. Rangi haizaliwi. Ukiongeza hapa, inatoka pahali."

"Rangi ninayo ya kutosha."

Alicheka tena, na safari hii Kamate aliona ndani ya kinywa chake. Meno hayakuwa meno. Yalikuwa mstari mmoja mweupe.

Taka... taka... Akawatia askari sandukuni, akatoka. Giza lilipoingia mizinga ikalia upande wa Sake, mmoja mmoja, bila haraka. Kamate alijikuta anahesabu. Ilikuwa kumi.

Jumamosi saa kumi na moja jioni Kasoki alikuwa anakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, juu ya makaa ya mbabula.

"Hodi."

Mwiko ukaanguka.

Alikuwa kwenye kizingiti cha ua. Sweta nyekundu. Nywele zake, mabega yake, masikio yake yaliyosimama ambayo watoto wa shule waliyachekea. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Mama, niko muzima."

Kasoki alikimbia akilia na kuita jina lake, akamkumbatia, akamzungushia mikono. Kamate alibaki mlangoni, akisema asante Yesu, asante Maria, mpaka alipoona mikono ya mkewe inalegea. Inalegea polepole. Inateremka.

Kasoki akarudi nyuma hatua moja. Mbili. Tatu.

Akaanza kulia upya, na safari hii kilio kilikuwa kingine.

Kamate alisogea. Kwa hatua tatu alikuwa Benny. Kwa hatua mbili alikuwa mtu anayefanana na Benny. Kwa hatua moja... Macho yalikuwa mashimo mawili ya kivuli. Meno yalikuwa mstari. Alimzunguka. Nyuma ya shingo, chini ya nywele, ngozi ilikuwa ya kijivu, kavu, kama plastiki kabla ya rangi. Akashika mkono wa kijana na kuugeuza. Kiganja hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa laini kama sahani. Alinuka rangi mbichi.

"Asante, papa," akasema kijana. "Nimerudi."

Na baada ya hodi ile, hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Niko mzima. Asante, papa. Nimerudi. Maneno matatu, kama rangi tatu.

Kasoki alifuta machozi. Alichukua kiti, akakiweka mwisho wa meza, akamkalisha kijana. Kisha akachukua kiti chake na kukiweka mwisho mwingine. Akakaa. Akamtazama.

"Kutoka hapa ni yeye," akasema. "Papa Benny, kuya ukae hapa. Kutoka hapa ni yeye."

Wakala sambaza wakimtazama mtoto wao kwa mbali. Yeye hakula.

Hakulala vilevile. Usiku kucha alibaki pale mezani, na asubuhi ya Jumapili Kasoki alimwambia mumewe maneno ambayo Kamate aliyaogopa na kuyangoja.

"Hanioni. Ananitazama kama ukuta."

Kamate alikumbuka alichoambiwa. Alikumbuka vizuri. Lakini fundi ni fundi, na baba ni baba. Alijiambia ataongeza kitu kidogo tu, aone. Akapandisha mkono wa sweta, akachovya brashi, akachora pale begani alama ya chanjo, ile duara ndogo yenye mikunjo ambayo Kasoki aliibusu Benny alipokuwa mchanga. Rangi haikubaki juu. Ilizama, kama maji kwenye mchanga. Ngozi ikajikunja. Kamate akagusa.

Ilikuwa na joto.

Kasoki aliweka midomo yake pale, akakaa hivyo muda mrefu. Siku ile walienda misa, wakawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria.

Jumatatu Kamate alichora viganja. Kila mstari. Alikuwa ameshika mikono ile tangu ilipokuwa midogo kama majani ya mharagwe, aliijua. Alipomaliza mkono wa kulia, vidole vilifunga na kushika kidole cha Kasoki, na havikuachia.

Jumanne alitia mboni ya jicho la kushoto. Nywele tatu za brashi, nukta moja nyeusi, nukta ndogo nyeupe ya mwanga. Jicho likapepesa. Likazunguka, likatafuta. Likampata Kasoki. Likajaa machozi.

Kasoki alicheka. Kamate hakuwa amesikia kicheko kile tangu Januari.

"Kesho la pili," akasema Kasoki. "Kesho, nakuomba."

Jumatano saa sita mchana Kamate alikuwa anakoroga rangi simu ilipolia. Mtandao ulikuwa umerudi asubuhi ile. Akaiweka mezani na kufungua sauti kubwa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimechafuka.

"Papa Benny! Ni Aruna. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa muzuri. Niko Bunagana, kwa mupaka. Niko na mutoto yako hapa."

Kamate alimtazama kijana aliyekaa mwisho wa meza.

"Aruna, usicheze."

"Wallahi sichezi! Walimubebesha mizigo mpaka porini, akatoroka, akatembea siku ine. Amekonda kama fito, lakini ni Benny. Nimemupa chai, amemaliza thermos yote, mwizi huyu! Ana masikio yale yale!" Aruna alicheka, halafu sauti ikashuka. "Lakini kuna kitu sielewi. Ongea naye."

Simu ikachakarisha.

"Papa?"

Kasoki aliweka mkono mdomoni.

"Papa, ni mimi. Nilisema nakuya sasa hivi, munisamehe." Alikuwa analia na kujizuia. "Papa, mwili yangu inaisha. Jumapili, siku ya Mungu, nilioga, nikaona alama ya chanjo haiko tena. Siku ya pili viganja vyangu vikatoka mistari, siwezi kushika kitu, vinateleza. Jana asubuhi jicho la kushoto lilizimika, hivi tu, kama mutu amepuliza mushumaa. Na kila mara, kabla kitu kutoka, nasikia harufu ya rangi. Papa, ni rangi yetu ile. Unafanya nini huko?"

Brashi ikaanguka kutoka mkononi mwa Kamate.

"Benny," akasema. "Benny, mwanangu. Ninafuta. Ngoja, ninafuta sasa hivi."

Alichukua kitambaa, akakilowesha kwa petroli aliyosafishia brashi, akashika kiganja cha kijana wa mezani na kusugua kwa nguvu zake zote. Kijana hakutikisika. Mistari ikavurugika, ikawa tope, ikatiririka mezani.

Simu ikapiga ukelele.

"Papa! Inaniunguza! Papa, mukono! Mukono!"

Na Aruna nyuma yake: "Ngozi inatoka! Ya Rabi, ngozi inatoka peke yake! Papa Benny, acha chochote unachofanya!"

Kamate alitupa kitambaa. Kilichofutika hapa hakikuwa kinarudi kule. Kilikuwa kinapotea tu. Alisimama na mikono yake hewani, kama mtu aliyekuta nyumba inaungua na hajui aingie kwa mlango gani.

Kasoki alichukua simu. Polepole, kama anayechukua yai.

"Mama?" ikasema simu. "Mama, uko hapo?"

Kasoki akaikata.

"Mama Benny!"

"Niachie niseme." Hakulia. Uso wake ulikuwa mkavu. "Ule ana jicho moja na mikono isiyoshika. Huyu ana jicho moja na mukono moja. Unataka nipike chakula ya nani?"

"Ule ni mutoto wako! Aruna atamuleta. Jicho moja ni jicho. Tutamubeba, tutamulisha..."

"Na huyu utamupeleka wapi? Angalia, Papa Benny. Angalia vile ananitazama. Hiyo ni jicho ya nani?"

Kamate alitazama. Jicho la kushoto lilikuwa la Benny. Lilikuwa linalia.

"Sitaki nusu mbili," akasema Kasoki. "Nilizaa mutoto mumoja muzima. Maliza mumoja."

"Mimi siwezi."

"Basi mimi nitafanya."

Akaokota brashi ya nywele tatu. Maisha yake yote Kasoki hakuwahi kushika brashi. Aliishika kama kijiko. Akaichovya mpaka kwenye mti, rangi ikadondoka kwenye kitenge chake, akamwendea kijana na kumshika kidevu. Mkono wake ulitetemeka kama jani. Ncha ya brashi ilipita juu ya nyusi, ikapita karibu na pua, ikarudi, na kijana akafungua jicho lake la giza, akangoja.

Kamate aliona itakavyokuwa. Kama jicho lile lingepakwa ovyo, litoke kule na lisiingie hapa, Benny angekuwa kipofu bure. Lingepotea kama kile kiganja. Aliona hivyo, au alitaka kuona hivyo. Hata leo hajui. Alijua tu kwamba brashi ilikuwa imebaki upana wa unyasi kufika.

"Utamuharibu," akasema.

"Basi shika wewe."

Akashika. Alisema Salamu Maria mara moja, taratibu, neno kwa neno, mpaka saa ya kufa kwetu. Mkono ukatulia.

Nukta moja nyeusi.

Nukta moja nyeupe.

Kijana alipepesa macho yote mawili. Alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akatazama chumba kizima, dirisha, sufuria, picha ya ubatizo ukutani, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Kasoki aliinamisha kichwa chake begani mwake, karibu kabisa, bila hatua tatu, bila hata moja.

Simu ikalia.

Ikalia sana. Hakuna aliyesogea. Ndipo kijana akanyosha mkono, akaichukua, akampa Kamate. Na akasema, kwa sauti ya Benny, maneno ambayo hayakuwa miongoni mwa yale matatu.

"Papa, muambie amekosea numero."

Kamate aliiweka simu sikioni. Upande wa pili Aruna alikuwa anasoma dua kwa mbali, akiruka maneno. Karibu, karibu sana, mtu alikuwa anapumua kwa kwikwi kama mtoto mdogo.

"Papa? Nasikia unapumua. Papa, juu ya nini mumezima taa?"

Kamate alimtazama Kasoki. Kasoki alikuwa amefumba macho, anatabasamu, mkono wa mtoto wake juu ya nywele zake.

"Umekosea numero," akasema Kamate.

Kule Bunagana pumzi ikasimama. Halafu pakasikika kitu kidogo kikianguka juu ya saruji, chepesi, kama plastiki. Dua ya Aruna ikakatika katikati ya neno.

"Mama," akasema kijana mezani. "Nasikia njaa."

Kasoki akainuka haraka, akaenda kuwasha mbabula.